Pale Peleliu ni kwa watu

Kuna kisiwa kinaitwa Peleliu, kiko nchi ya Palau, huko bahari ya Pasifiki mashariki mwa Ufilipino. Ni kidogo mno, kilomita za mraba 13 hivi, urefu wake haufiki kilomita 10, mtu wa shamba aliyezoea kutembea anatoka ncha hii asubuhi na saa za chakula cha mchana yuko ncha ya pili. Sasa kwenye hicho kipande, kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 27 Novemba 1944, walikufa wanajeshi wa Japani zaidi ya 10,000 na wa Marekani karibu 1,800. Ukigawanya unapata kama watu 900 waliokufa kwa kila kilomita moja ya mraba. Nimeisoma habari ya kisiwa hiki kwa miaka, na kila nikiirudia kuna kitu kinanikaba, sio hiyo idadi peke yake, ni namna kisiwa kinavyotunzwa na kinavyosimuliwa leo.

Maana kimetunzwa kweli. Kama unataka kuona uwanja wa Vita ya Pili ya Dunia ukiwa karibu kama ulivyoachwa, ni sehemu chache zinaifikia Peleliu. Karibu na uwanja wa ndege kuna kifaru kidogo cha Kijapani, ile aina ya 95, ni kimoja kati ya vile vilivyotoka mbio jioni ya siku ya kwanza kuvuka uwanja na vikapigwa karibu vyote. Hakijapakwa rangi, hakijapelekwa makumbusho, kipo tu, chuma kimeliwa na kutu na majani yameingia mpaka kwenye magurudumu. Kuna jengo la makao makuu ya Wajapani, la zege, ghorofa, dari lake lina tundu la bomu na mizizi ya miti inashuka kupitia ukutani kama kamba. Alafu kuna mapango. Ndani ya mapango bado kuna chupa za bia, sufuria za askari, soli za viatu, vinyago vya kuzuia gesi, na kwa mengine mifupa. Sheria za Palau zinakataza kuondoa hivi vitu, na hilo nalisifu bila kusita kwasababu kwingine duniani wauzaji wa kumbukumbu za vita wangeshabeba kila kitu mpaka vifungo vya mashati.

Lakini chukua ramani wanayopewa wageni uisome majina. White Beach. Orange Beach. The Point. Death Valley. China Wall. Five Sisters. Bloody Nose Ridge, yani mgongo wa pua inayovuja damu. Yote hayo ni majina waliyoyatoa askari wa Marekani au maofisa wao waliochora ramani kabla ya kutua, watu waliokaa pale wiki chache. Hiyo milima ina jina lake, inaitwa Umurbrogol, na kisiwa kilikuwa na vijiji, Ngerdelolk, Ngesias, vilikuwepo kabla Mjapani hajafika na kabla Mmarekani hajasikia hata neno Peleliu. Hoja yangu yote iko hapo. Ule uwanja wa vita umehifadhiwa kama mali ya majeshi mawili yaliyopita njia, na wenye kisiwa wamebaki kama walinzi wa makaburi ya wageni kwenye ardhi yao wenyewe.

Hebu tuipe vita yenyewe nafasi yake kwanza, maana waliokufa pale ni watoto wa watu na siwezi kuwapita juu juu.

Kamanda wa Kijapani alikuwa Kanali Kunio Nakagawa, ana askari kama 10,900 pamoja na vibarua wa Kikorea na wa Okinawa. Mpaka hapo kwenye visiwa vingi Wajapani walikuwa wanapigana ufukweni, wakishindwa wanakimbilia mbele kwa kelele wote wafe usiku mmoja. Nakagawa akabadilisha. Akawachimbia watu wake ndani ya ile milima ya mawe ya matumbawe, mapango zaidi ya 500, mengine ya asili mengine ya kuchonga, yana milango miwili mitatu, mengine yana milango ya chuma, mzinga unasogezwa nje unapiga unarudishwa ndani. Amri ikawa usikimbilie kufa, kaa, ngoja, umuuze adui kila hatua kwa bei kubwa. Ndo mtindo huohuo uliokuja kutumika Iwo Jima na Okinawa mwaka 1945.

Upande wa pili Meja Jenerali William Rupertus wa divisheni ya kwanza ya Marine, yani askari wa majini wa Marekani, aliwaambia watu wake itakuwa kazi ngumu ila fupi, siku tatu nne imekwisha. Ikachukua zaidi ya siku 70. Kikosi cha Kanali Lewis Puller, watu 3,000 hivi, kilipoteza zaidi ya nusu yao, waliouawa na waliojeruhiwa, kikaondolewa mstari wa mbele hata wiki mbili hazijaisha.

Na hapa kuna mambo madogo ambayo ndo hunisimamisha. Joto lilifika nyuzi 46. Ardhi ni jiwe la matumbawe, sepetu haiingii, yani askari ameambiwa ajichimbie handaki na hawezi hata kufukua pa kuficha kichwa, na kombora likilipuka mawe yenyewe yanageuka risasi. Hata maiti hazikuzikika, na choo hakichimbiki, sasa fikiria hiyo harufu na hao nzi kwa wiki nzima. Maji ya kunywa yaliletwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya mafuta na hayakuoshwa sawasawa, watu wana kiu ya kufa wanakunywa wanatapika palepale. Ndege zilipoanza kuruka kutoka kwenye ule uwanja walioukamata zilikuwa zinaenda kuangusha moto wa napalm kwenye milima iliyo karibu sana, chini ya maili moja na nusu, marubani hawakujisumbua hata kukunja magurudumu, anaruka, anaangusha, anatua, anapakia tena. Sijui kama kuna picha nyingine inayoonyesha ule udogo wa kisiwa kuliko hiyo.

Kuna watu wengine pia hawatajwi sana. Marine weusi wa Marekani, wakati huo jeshi lao bado linabagua, walikuwepo pale kwenye kampuni ya 7 ya risasi na kampuni ya 11 ya bohari. Kazi waliyopangiwa ni kupakua masanduku ufukweni. Mstari wa mbele ulipokosa watu wakapanda milima na risasi mabegani na wakashuka na majeruhi kwenye machela, wengine wakashika bunduki. Kampuni ya 11 peke yake ilipata majeruhi 17. Rupertus aliwaandikia barua ya pongezi. Na wale vibarua wa Kikorea waliochonga mapango, kati ya mateka 202 hivi waliopatikana kisiwa kizima wengi wao ndo walikuwa hao vibarua, askari wenyewe wa Kijapani walioshikwa hai walikuwa 19 tu. Kwa msomaji wa kwetu hii habari ya wabeba mizigo wanaokufa kwenye vita isiyo yao haihitaji maelezo marefu, sisi tuna Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita ya Kwanza.

Sasa swali wanalobishania wanahistoria mpaka leo, je ilikuwa lazima? Lengo lilikuwa kuukamata uwanja wa ndege ili kulinda ubavu wa Jenerali MacArthur anaporudi Ufilipino. Siku mbili kabla ya kutua, Admirali Halsey, aliyekuwa ameshaona ulinzi wa Ufilipino ni mwepesi kuliko walivyodhani, alipendekeza operesheni za Palau zifutwe. Admirali Nimitz akasema Peleliu iendelee, meli zilikuwa zimeshaondoka. MacArthur akatua Leyte, kisiwa cha Ufilipino, tarehe 20 Oktoba, Peleliu bado wanauana kwenye mapango, na ikaendelea mwezi mwingine mzima baada ya hapo. Mi msimamo wangu ni kwamba haikuwa lazima. Najua hoja ya wanaosema mzigo ukishapakiwa hauwezi kurudisha jeshi nyuma, na nakubali kwamba Nimitz hakuwa na macho ya kuona kesho. Ila hoja ya kwamba meli zimeshaondoka ni hoja ya ratiba, na kwa ratiba ile wakafa watu 12,000 na kisiwa cha watu kikachomwa chote.

Kisiwa cha watu, narudia. Kabla ya vita Wajapani waliwahamisha wenyeji wote wa Peleliu wakawapeleka kisiwa kikubwa cha Babeldaob, na kwa hilo wenyeji hawakuwepo milimani mabomu yalipoanza. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema basi afadhali raia walinusurika. Lakini huko Babeldaob nako Wamarekani hawakutua, walikiacha tu kikae kimezingirwa, kuna maelfu ya askari wa Kijapani wanaokula chakula kilekile, ndege zinapiga mchana, na njaa ikaingia kweli mpaka Japani iliposalimu amri mwaka 1945. Watu walikuwa wanalima usiku na kujificha msituni mchana.

Walivyorudi Peleliu wakakuta nini? Hapo ndo inaniuma kuliko kote. Palau ukoo unafuatwa kwa mama, na mashamba ya magimbi, wao wanaita mesei, ni mali na kazi na heshima ya wanawake. Mesei sio shamba la msimu. Ni tope lililotengenezwa kwa vizazi, mifereji inajulikana, majani ya mbolea yanajulikana yanatoka wapi, kila kipande kinajulikana ni cha nyumba ya nani na kimetoka kwa bibi yupi. Sasa buldoza limepita. Miti iliyokuwa alama za mipaka imechomwa, mawe ya misingi ya nyumba yamesukumwa yakawa barabara, mabwawa ya mesei yamefukiwa. Wakajikusanya kaskazini, kijiji kikubwa leo ni Klouklubed, na kesi za nani mwenye ardhi ipi zikawaburuza miaka na miaka kwa sababu shahidi mkuu, ambaye ni ardhi yenyewe, alikuwa amefutwa uso. Unawezaje kuonyesha mpaka wa bibi yako wakati hata kilima kimebadilika umbo?

Na usidhani ile vita ilikwisha siku ilipotangazwa imekwisha. Nakagawa alijiua mwishoni mwa Novemba baada ya kutuma ujumbe wa mwisho, neno moja la maua yao, sakura sakura. Lakini Luteni Ei Yamaguchi na watu wake, jumla 34, walibaki mapangoni mpaka Aprili 1947, hawaamini kwamba Japani imeshindwa, ikabidi aletwe admirali wa Kijapani aje awaambie kwa mdomo wake.

Hapa nataka niseme kitu kuhusu sisi, kwasababu kinahusiana kuliko inavyoonekana. Palau ilinunuliwa na Mjerumani kutoka kwa Mhispania mwaka 1899, yani Berlin ilikuwa inatawala Koror, mji wa Palau, na Dar es Salaam kwa wakati mmoja. Vita ya kwanza ikaja, Mjerumani akanyang'anywa, Palau akapewa Mjapani na Tanganyika akapewa Mwingereza, wote chini ya mpango uleule wa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Baada ya vita ya pili wote wawili tena wakawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tanganyika ikatoka 9 Desemba 1961. Palau ikawa ya mwisho kabisa duniani kutoka, 1 Oktoba 1994. Kwahiyo hawa ni ndugu zetu wa karatasi moja, na kama sisi, vita za wakubwa zilipiganwa kwenye mashamba yao. Nenda Mahiwa kule Lindi, nenda Salaita upande wa Taita, uliza watu walipoteza nini mwaka 1916 na 1917, utasikia majina ya majenerali kwanza.

Na wakati ule Peleliu inawaka, huku kwetu vijana wa Keya, yani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikuwa Burma wanapambana na jeshi hilohilo la Kijapani, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wanasukuma kwenye matope ya bonde la Kabaw hadi wakaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee mtaani kwetu alikuwa Keya. Medali yake alikuwa anaifunga kwenye kitambaa cha kanga anaiweka chini ya sanduku la bati. Alikuwa anasimulia Bama, mvua, ruba miguuni, Mjapani aliyejificha juu ya mti, anasimulia vizuri mpaka tunasahau kwenda kuchota maji. Siku moja nikamuuliza, babu, wale watu wa kule wenyewe, vijiji vyao vilikuwa vinaitwaje? Akanyamaza kidogo akaniambia, "Sisi tulikuwa tunapita tu, mjukuu wangu." Hakuwa mtu mbaya. Lakini jibu lake limekaa na mimi, na kila nikisoma ramani ya Peleliu nalisikia.

Tukija kwenye uhifadhi wenyewe. Uwanja wa vita wa Peleliu uliwekwa kwenye orodha ya alama za kihistoria za taifa mwaka 1985. Taifa lipi? La Marekani. Palau ilikuwa bado chini ya udhamini, uhuru ulikuwa miaka tisa mbele. Sisemi ilifanywa kwa nia mbaya, pengine bila hiyo orodha kusingebaki kitu, na waliofanya utafiti ule walifanya kazi ya maana. Ila tazama kigezo, kisiwa kiliingia kwenye orodha kwasababu ya kilichowapata Wamarekani pale kwa siku 70, sio kwa kilichowapata watu wa Peleliu kwa miaka 1,000 na zaidi. Mnara wa divisheni ya Marine upo juu ya mlima, mnara wa divisheni ya 81 ya jeshi la nchi kavu la Marekani upo, bustani ya amani ya Wajapani ipo kusini inaangalia bahari. Mwaka 2015 mwezi wa nne Mfalme Akihito na mkewe Michiko walikuja, wakaweka maua meupe waliyoyaleta kutoka Japani kwenye mnara wao, alafu wakaenda na kwenye mnara wa Wamarekani wakainamisha vichwa. Lilikuwa jambo la heshima sana na mimi picha zile zilinigusa, mzee wa miaka 81 ameinama kuelekea bahari. Aliwashukuru pia wenyeji kwa kutunza kumbukumbu. Lakini umeona neno lenyewe, kutunza. Mwenyeji anashukuriwa kwa utunzaji.

Kuhusu vyuma, kuna ubishi kama vitengenezwe visioze au viachwe. Mi naona viachwe. Kifaru kikipakwa rangi kitakuwa kama cha maonyesho ya saba saba, kutu ni ukweli wake. Vipigwe picha, vipimwe, viandikwe, vioze taratibu. Mifupa ni kitu kingine, hiyo irudi kwao, familia za Japani bado zinaingojea na mapango mengi yalizibwa kwa baruti wakati wa vita watu wakiwa ndani. Na mabomu yatolewe yote hata kama itaharibu mandhari ya mtalii. Tangu 2009 mashirika ya kutegua yamekuwa yakifanya kazi Palau, watu wanapita msituni kwa mwendo wa konokono na mashine mkononi, wanafukua guruneti iliyolala toka 1944 na bado inaweza kuua. Hiyo kwangu ndo kazi ya uhifadhi ya kwanza, kwasababu inamrudishia mama wa Peleliu haki ya kuingiza jembe kwenye udongo wake bila kufikiria.

Alafu likaja hili la juzi. Marine wamerudi, sasa kwa makubaliano na serikali ya Palau, wamefyeka msitu, wametegua, wameshindilia upya ile njia ya ndege ya mwaka 1944, na tarehe 22 Juni 2024 ndege kubwa ya mizigo ya kijeshi aina ya KC-130 ikatua. Sababu ni China, kila mtu anajua. Palau imejifunga na Marekani kwa mkataba wa ulinzi na ina haki ya kuamua, ni nchi ya watu 18,000 ambao ukiwaingiza wote Uwanja wa Mkapa hawafiki hata nusu ya viti, nchi ya namna hiyo haina anasa ya kukaa bila rafiki mwenye nguvu. Hilo naelewa. Peleliu yenyewe ina watu 500 hivi, na uwanja uliofufuliwa ndo uleule uliokuwa sababu ya kila kitu mwaka ule.

Njia hiyo wameipa jina. Sledge, kwa heshima ya Eugene Sledge, kijana wa Alabama aliyepigana pale na baadae akaandika kwa uchungu mkubwa na kwa ukweli alichokiona. Alikuwa mtu wa kuheshimika na simpingi. Napinga kwamba kwa mara nyingine tena, baada ya miaka 80, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kisiwa kimepewa jina na hakuna aliyeona haja ya kutafuta jina lililokuwepo. Chini ya yale matumbawe yaliyoshindiliwa kuna ardhi ya koo, kuna sehemu watu walikuwa wanapita asubuhi kwenda mesei, na palikuwa panaitwa kitu.

Kama ningeulizwa pa kuanzia ningesema sio kwenye mnara mwingine. Ningewaomba akina mama wazee wa Klouklubed wakae na vijana wao na karatasi kubwa ya kisiwa isiyo na neno hata moja, waseme hapa paliitwaje, pale palikuwa pa nani, kisima kilikuwa wapi, na ramani hiyo ndo apewe mgeni akishuka kwenye boti. Aliyezaliwa Peleliu kabla ya kuhamishwa sasa ana miaka 80 na kitu, na wengi wao walishaondoka.